Dawa ya mbwa haimfai paka, hata nusu kipimo

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu husema paka mwenye viroboto au kupe apakwe dawa ya mbwa, ila nusu kipimo. Si kweli. Dawa nyingi za mbwa zina permethrini, sumu ya kuua wadudu ambayo ini la paka haliwezi kuivunja vizuri. Ndani ya saa chache masikio yanachezacheza, mate yanamtoka, kisha degedege.

Watu huchanganyikiwa kwa sababu kiroboto wa paka ndiye huyohuyo anayemsumbua mbwa, na permethrini iliundwa kwa kuiga sumu ya asili ya maua ya pareto, basi huonekana salama. Soma lebo: ukiona “permethrin”, iache. Nunua iliyoandikwa ya paka, kwa uzito wake.

Umeshampaka? Muoshe kwa maji vuguvugu na sabuni ya vyombo, umkimbize kwa daktari wa mifugo. Ujumbe huo tafadhali usiusambaze.