Orodha ya Matumizi Si Cheti cha Uhai

Ijumaa iliyopita, baada ya sala ya isha, kijana mmoja alinifuata barazani hapa Tudor, Mombasa, amekumbatia laptopu kama mama mwenye mtoto wa homa. Ameandika kompaila yake ndogo inayotafsiri programu za madukani. Kaongeza hatua ya kusafisha msimbo, na tangu siku hiyo wateja hawapati risiti kwa SMS.

"Mwalimu, mimi nimefuta amri zenye matumizi sifuri tu. Hakuna anayezitumia. Zimekufa."

Nilimaliza kwanza kahawa yangu. Huyu ni wa nne mwaka huu kuniletea maneno hayohayo, na kila mmoja nimemchorea picha ileile juu ya karatasi ya mahamri. Leo naandika, wa tano atasoma mwenyewe.

Dhana yenyewe ni hii: thamani (yaani jibu linalozaliwa na amri) yenye matumizi ni hai, isiyo na matumizi ni maiti. Inasikika vizuri mpaka uiendeshe.

Orodha ya matumizi ni daftari la kila mahali thamani inapotumiwa, nayo hujibu swali moja tu: nani kaninyooshea kidole? Ndani ya LLVM, maktaba maarufu ya kujengea kompaila, karibu kila thamani imeshika orodha hiyo, na kila tumizi ni kitu kidogo chenye vielekezi vinne: kimoja kwa thamani inayotumiwa, kimoja kwa mtumiaji wake, na viwili vya kuunga orodha mbele na nyuma. Kwenye mashine ya biti 64 hiyo ni baiti 32. Zipekue zote, hutaona palipoandikwa "hai".

Haya, turudi kwa risiti. Amri ya kijana ilikuwa hivi:

h = ita tumaRisiti(mteja)

Fankisheni hiyo hurudisha namba ya kueleza kama ujumbe umekwenda. Hakuna aliyeisoma ile namba, kwa hiyo h ina matumizi sifuri. Kijana akaifuta amri nzima, na ujumbe ukaenda nayo. Thamani haikuwa na kazi, lakini amri ilikuwa nayo, tena kazi iliyolipiwa. Hapo ndipo wanapoteleza wote: katika uwakilishi wa aina ya LLVM, amri na thamani inayozaliwa nayo ni kitu kimoja ndani ya memori, basi mtu huhukumu moja kwa makosa ya nyingine.

Ukitaka kuona upuuzi wa kanuni hii, tazama amri ya kuandika kwenye memori. Haizai thamani yoyote. Orodha yake ni tupu tangu inapozaliwa, na itabaki tupu. Amri ya kurudi kutoka kwenye fankisheni, vivyo hivyo. Kwa kanuni ya "sifuri ni maiti", kila programu duniani ingebaki ganda. Nilimuuliza kijana amri zake za kurudi zilisalimika vipi. Alikuwa ameziwekea sharti la pekee: "kama ni ya kurudi, iache." Za kuandika nazo, sharti lake. Yaani kanuni ilishamwonyesha kuwa ni mbovu, yeye akawa anaishonea viraka.

Basi swali la kwanza kabla ya kufuta ni athari. Je, amri hii yaweza kuandika memori, kutoa kitu nje, kurusha kosa, au kutorudi kabisa? Hapa ujue sheria za lugha yako. Kugawanya kwa namba isiyojulikana katika LLVM kunaweza kufutwa kama jibu halitumiwi, kwa sababu kugawanya kwa sifuri huko hakuna maana iliyoahidiwa. Katika Java, kugawanya namba nzima kwa sifuri hurusha kosa ambalo programu yaweza kulidaka, kwa hiyo huna ruhusa ya kulipoteza. Amri ileile, orodha tupu ileile, hukumu mbili.

Upande wa pili wa dhana, kwamba yenye matumizi ni hai, ndio unaoniudhi zaidi, kwa kuwa hauvunji kitu. Unaacha takataka tu, na mwenye kompaila anajisifu kwamba imesafisha. Tazama mzunguko huu (fai ni amri ya kuchagua: mzunguko ukianza huchukua 0, ukirudia huchukua i2):

i1 = fai(0, i2)
i2 = i1 + 1

Mzunguko unamalizika kwa sharti jingine, na nje hakuna anayeisoma i1 wala i2. Hesabu ya matumizi ya i1 ni moja, anayeitumia ni i2. Hesabu ya i2 ni moja, anayeitumia ni i1. Ngoja hesabu ifike sifuri, utangoja kama anayesubiri meli nchi kavu. Ni wale wateja wawili wa duka la Mwembe Tayari: Huyu hana kitu, lakini yule kamdhamini. Na yule je? Huyu kamdhamini. Daftari limejaa majina, shilingi haimo.

Dawa ni kugeuza swali. Usiulize nani amekufa, uliza nani tumeshika ushahidi wa uhai wake. Anza na mizizi: amri za kuandika memori, za kurudi, miito yenye athari. Zitie alama. Kutoka hapo rudi nyuma: kila thamani inayotumiwa na amri yenye alama nayo itiwe alama, mpaka asibaki wa kuongezwa. Usisahau matawi yanayoamua kama amri hai itafikiwa. Ukiwa mvivu kama mimi, yaweke yote kwenye mizizi na uendelee na maisha. Asiye na alama mwishoni aondoke, awe na matumizi sifuri au mia. Hili si jambo geni. Cytron, Ferrante, Rosen, Wegman na Zadeck, katika makala yao ya 1991 iliyoeleza namna ya kujenga SSA (uwakilishi ambamo kila jina hupewa thamani mahali pamoja tu) bila gharama kubwa, walishaonyesha ufutaji wa aina hii: amri huhesabiwa imekufa mpaka ithibitike vinginevyo. Kijana alizaliwa makala ikiwa na umri wa kuoa.

Halafu, ukishajua maiti zako, usizizike moja moja. Ukifuta i1 wakati i2 bado imeielekezea kidole, LLVM iliyojengwa na ukaguzi wake itasimama papo hapo na kulalamika kuwa matumizi yamebaki kwenye thamani inayovunjwa. Ile isiyo na ukaguzi itanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kubaya. Pita kwanza ukizikata zote na thamani ambazo zenyewe zinazitumia, kisha pita tena ufute. Mapito mawili, kila unapofuta. Hili nitalisema mpaka koo likauke.

Mengine nayataja kwa haraka, maana hayakunikosesha usingizi sawasawa.

Wapo wanaodhani matumizi na watumiaji ni hesabu moja. Katika x = a + a, a ina matumizi mawili na mtumiaji mmoja. Ukitembea kwenye orodha utamkuta x mara mbili. Aliyemfuta mara ya kwanza, mara ya pili anashika hewa. Na kwa jumla usibadilishe orodha huku unaitembea kabla hujashika kiungo kinachofuata.

Wapo wanaosoma hasOneUse, swali la LLVM la kama thamani ina tumizi moja, kama "hutekelezwa mara moja". Hapana! Ni tumizi moja kwenye maandishi. Ukiihamisha hesabu nzito kutoka nje ya mzunguko uipeleke jirani na tumizi lake la pekee lililo ndani, umegeuza kazi ya mara moja kuwa kazi ya mara milioni. Na ukitaka tu kujua kama tumizi ni moja, uliza hivyohivyo. Usihesabu zote ndipo ulinganishe, kwa sababu kuhesabu ni kutembea orodha yote, na orodha za baadhi ya thamani ni ndefu kuliko foleni ya kivuko cha Likoni asubuhi ya Jumatatu.

replaceAllUsesWith nayo hudhaniwa kuwa inamaliza kazi. Huhamisha vidole vyote kutoka thamani ya zamani kwenda mpya yenye aina ileile, basi. Ya zamani imebaki imekaa, kufuta ni juu yako. Mtego wake: umetengeneza y = x + 1, kisha unataka kila aliyetumia x atumie y. Kila aliyetumia x! Na y ni mmoja wao. Unapata y = y + 1, thamani inayojizaa yenyewe.

Mpangilio wa orodha si mpangilio wa programu. Tumizi jipya huingizwa kichwani, hivyo la kwanza kulikuta mara nyingi ni la mwisho kuandikwa. Anayetafuta tumizi la mapema ndani ya msimbo aulize mpangilio wa bloku (fungu la amri zinazofuatana bila tawi katikati), si orodha.

Tumizi ndani ya nodi ya fai halitokei pale nodi ilipo. Linatokea mwisho wa bloku iliyotangulia, ile ambayo thamani inatoka. Mwenye kuvuka Likoni lazima awe amefika ufukweni kabla kivuko hakijaondoka. Kufika ng'ambo ni habari nyingine. Ukipima utawala wa bloku (yaani kama bloku moja lazima ipitiwe kabla ya kufika nyingine) kwa kutumia bloku ya nodi yenyewe, utakataa msimbo ulio halali kabisa.

Memori haimo ndani ya orodha. Orodha ya pointa (kielekezi cha mahali ndani ya memori) inakuambia nani ameishika pointa, haikuambii nani alisoma kilichoandikwa ndani yake. Pointa mbili zaweza kufika mahali pamoja bila orodha zao kujuana. Ndiyo maana vigeu vya ndani hupandishwa kwanza kuwa thamani za SSA, hatua iitwayo mem2reg, na kwa vinavyobaki memorini kuna uchambuzi wake pekee.

Kijana alirudi jana akiwa na swali jingine: mbona taarifa za kutatulia hitilafu zinaitaja thamani yake, na hesabu bado inasema moja? Zimewekwa nje ya orodha makusudi, ili kompaila itoe msimbo uleule ukiwasha taarifa hizo au ukizizima. Risiti sasa zinakwenda. i1 na i2 bado ziko. Amesema atazifuta wikendi.