Kurudi Kundini: Mwongozo kwa Aliyekaa Nje Muda Mrefu

Desemba, mabasi ya Dar es Salaam yanapoanza kushusha watu Mafinga, Uyole na Tukuyu, wamo wanaoshuka ambao walibatizwa huku, wakapata kipaimara huku, na hawajakanyaga kanisani tangu waondoke. Wengi hawajamkana Mungu. Wanaona aibu. Mmoja anaishi na mwenzake bila ndoa, mwingine hakumaliza ahadi ya kuchangia ujenzi wa kanisa, mwingine alitengwa na meza ya Bwana akakimbilia kwenye dhahabu Chunya. Kauli yao ni moja: "Ngoja kwanza nijiweke sawa."

Kauli hiyo inapindua mpangilio wa Injili. Soma mfano wa mwana mpotevu, Luka 15, polepole, kuanzia mstari wa 11. Kijana anadai urithi baba angali hai. Kwa Kumbukumbu la Torati 21:17 mzaliwa wa kwanza alipata mafungu mawili, kwa hiyo huyu mdogo, ndugu wakiwa wawili, haki yake ilikuwa theluthi. Inakwisha yote, anaishia kulisha nguruwe, mnyama najisi kwa Myahudi. Huko anatunga maneno ya kwenda kusema, sehemu tatu (mstari wa 18 na 19): nimekosa, sistahili kuitwa mwana wako tena, nifanye kama mmoja wa watumishi wako. Sasa linganisha na mstari wa 21, anapoyasema kweli. La kwanza analitoa, la pili analitoa, la tatu halisikiki. Baba ameshawageukia watumwa kuagiza vazi, pete na viatu. Tena, kabla kijana hajafungua kinywa, baba alikuwa amemwona "angali mbali", akaenda mbio, akambusu. Anayesema atarudi akishamaliza madeni anaomba kibarua ambacho baba hakukitangaza.

Toba haijafutwa hapo. Kijana aliitamka akiwa ameshakumbatiwa. Utaratibu wake unafahamika.

Anza katikati ya juma. Jumapili mchungaji ana ibada, ubatizo na matangazo, utaambulia kusalimiwa mlangoni tu. Mwone mzee wa kanisa wa mtaa wako, au mwenyekiti wa jumuiya kama ni Mkatoliki, akuombee siku. Beba cheti cha ubatizo. Kama kimepotea, usharika au parokia ulikobatizwa ina daftari: peleka jina ulilobatizwa nalo, mwaka, majina ya wazazi na ya wasimamizi. Usitafute kubatizwa upya ili kukwepa usumbufu huo. Walutheri, Wamoravian na Wakatoliki hawarudii ubatizo, kwa sababu ahadi ya Mungu haikufutika ulipopanda basi.

Kwa Mkatoliki mlango ni Sakramenti ya Kitubio: chunguza dhamiri, jutia, kusudia kuacha, ungama, timiza malipizi. Panapokwama ni kwenye ungamo la juujuu, "Padre, nimetenda dhambi nyingi." Dhambi kubwa hutajwa moja moja, na mara ngapi kadiri unavyokumbuka. Kama miaka ni mingi, mwambie padre tangu mwanzo, atakuongoza kwa maswali. Hana ruhusa ya kumfunulia mtu yeyote uliyosema. Walutheri nao wengi hudhani ungamo la faragha si lao. Ungamo la Augsburg la 1530, tamko la imani la Walutheri, kifungu cha 11, linasema ungamo hilo la faragha liendelee kuwapo. Mwombe mchungaji. Kurudishwa mbele ya usharika kwa aliyetengwa ni hatua nyingine, nayo hutanguliwa na mazungumzo.

Suala la ndoa ndilo linalowaweka nje wengi kuliko yote. Usingoje ndoa ndipo uanze kusali. Njoo ibadani tangu sasa, hata kama meza ya Bwana itasubiri. Lakini hesabu siku. Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka taarifa itolewe angalau siku 21 kabla, na kanisani kuna kutangazwa na mafundisho. Anayefika Desemba 20 akitaka ndoa ibarikiwe kabla ya Mwaka Mpya atarudi Dar kama alivyokuja. Apige simu usharikani Oktoba.

Ahadi ya ujenzi izungumzwe na mzee wa kanisa baadaye, kwa faragha. Haimzuii mtu kuketi kwenye benchi.

Neno kwa wanaopokea. Katika mfano ule baba alitoka nje mara mbili, kwa mdogo na kwa mkubwa (mstari wa 28), na mkubwa alikuwa mchapakazi asiyetoka shambani, mtu ambaye leo angechaguliwa mzee wa kanisa bila kupingwa. Watu wa aina yake ndio humsimamisha mgeni siku ya kwanza aeleze alikuwa wapi, au humuuliza namba ya bahasha ya sadaka kabla hajaketi. Kufanya hivyo ni kumfukuza. Mtu mmoja anayemfahamu akae naye benchi moja, amtembelee nyumbani wiki hiyohiyo, na asipomwona Jumapili ya pili ampigie simu mchana uleule.