Kukoroma Si Kupumua: Maswali Kuhusu CPR na Mashine ya Kushtua Moyo

Wagonjwa ambao moyo wao umesimama ghafla hutufikia idara ya dharura wakiwa wamelazwa kiti cha nyuma cha gari, kichwa mapajani mwa ndugu. Tukiuliza kama kuna aliyewakandamiza kifua (ndiyo CPR) tangu waanguke, jibu ni lile lile: "Hapana, alikuwa bado anapumua." Tukidadisi, tunaambiwa alikuwa anakoroma, ananyamaza, halafu anavuta pumzi nyingine. Huko si kupumua, na mtaniwia radhi kwa kulirudia neno hilo hapa chini.

Moyo kusimama ghafla maana yake nini?

Moyo umeacha kusukuma damu. Kwa mtu mzima, mara nyingi umeme wa moyo umevurugika: badala ya kupiga kwa mpangilio, misuli inatetemeka tu na damu haiendi popote. Fahamu hupotea ndani ya sekunde chache.

Si ndiyo shambulio la moyo?

Hapana. Kwenye shambulio la moyo, mshipa unaoulisha moyo umeziba. Mgonjwa anaumwa kifua na kutoka jasho, lakini ukimsemesha anajibu. Huyo hakandamizwi kifua, anawahishwa hospitali, kwa sababu moyo wake unaweza kusimama wakati wowote.

Nitajuaje kwamba umesimama?

Mpige mabegani, mwite kwa sauti. Hajibu? Tazama kifua chake, usizidishe sekunde 10. Kama hapumui, au hapumui kawaida, anza kukandamiza. Achana na kutafuta mapigo kwenye kifundo cha mkono. Hata waliosomea hukosea, na vidole vyenye hofu huhisi mapigo ya mwenyewe.

Lakini anakoroma. Si dalili kwamba anapumua?

Si kupumua. Mdomo unafunguka, kidevu kinainuka kidogo, inatoka sauti ya kukoroma au ya kukwama, kisha kimya. Baada ya sekunde kadhaa inakuja nyingine. Hiyo ni sehemu ya chini ya ubongo ikihangaika kwa kukosa damu, na pumzi za aina hiyo hazimfai mgonjwa kitu. Anza kukandamiza.

Hata kama pumzi hizo zinaendelea?

Hata kama zinaendelea. Wapo wanaosema "anakata roho", wakakaa kando kusubiri amalize. Wameona sawa, wamefanya kinyume. Mwenye pumzi hizo mara nyingi moyo wake umesimama dakika chache tu zilizopita, na ndiye mwenye nafasi nzuri kuliko yule aliyekwisha nyamaza. Ukikandamiza vizuri, huenda pumzi hizo zikaongezeka kwa sababu damu inafika kichwani. Usiache kwa sababu hiyo. Acha akianza kupumua kawaida, kufungua macho au kujisogeza.

Akitikisika kama mwenye kifafa?

Moyo unaposimama, mwili unaweza kutikisika kwa muda mfupi. Mtikisiko ukiisha, tazama pumzi tena. Akianza kukoroma kwa kuachia-achia, unajua la kufanya. Kijiko mdomoni hakina kazi, si kwa huyu wala kwa mwenye kifafa.

Kwa nini tusimkimbize tu hospitali?

Kwa sababu hospitali ya kwanza ni pale sakafuni alipoanguka. Bila kukandamizwa kifua na bila mashine ya kushtua moyo, uwezekano wa kupona hupungua kwa takriban asilimia 7 hadi 10 kila dakika. Ubongo huanza kuharibika ndani ya dakika 4 hadi 6. Hebu hesabu wenyewe: kumwagia maji, kumpepea, kumkalisha, kubishana funguo ziko wapi, kumbeba watu wanne hadi garini. Dakika zimekwisha na safari haijaanza. Tena kwenye kiti laini cha gari linalotembea hakuna awezaye kukandamiza kifua ipasavyo.

Mmoja apige simu ya dharura, mwingine afuate mashine, wewe uko chini unakandamiza. Ukiwa peke yako, weka simu kwenye spika, iweke kando ya kichwa chake, fanya vyote kwa pamoja.

Nakandamiza wapi, na kwa nguvu gani?

Mlaze chali juu ya kitu kigumu. Piga magoti ubavuni pake. Weka kitako cha kiganja katikati ya kifua, nusu ya chini ya mfupa wa kidari, mkono wa pili juu yake. Nyoosha viwiko, mabega yawe juu ya mikono, kisha shuka kwa uzito wa mwili. Kwa mtu mzima ni kina cha sentimita 5 hadi 6, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Kila ukishuka, achia kifua kiinuke chote kabla ya kushuka tena. Ukifanya vizuri utachoka upesi, kwa hiyo pokezaneni kila dakika 2, bila kupoteza muda katikati.

Nikimvunja mbavu?

Inawezekana. Mbavu huunga. Endelea.

Lazima nimpulizie mdomoni?

Kwa mtu mzima aliyeanguka ghafla, kama hujafundishwa au hutaki, kandamiza tu bila kusimama. Mtoto na aliyezama majini wanahitaji pumzi pia, maana tatizo lao kwa kawaida lilianza kwenye hewa. Aliyefundishwa hukandamiza mara 30 na kupuliza mara 2.

Mashine ya kushtua moyo si ya madaktari?

Zile ziitwazo AED, zinazojiongoza zenyewe na kuwekwa viwanja vya ndege na kumbi za michezo zimetengenezwa kwa ajili ya mtu yeyote. Iwashe, itakuelekeza kwa sauti. Vua nguo za kifuani, futa jasho au maji, bandika kibandiko kimoja chini ya mtulinga wa kulia na kingine ubavuni kushoto, chini ya kwapa. Wengine waendelee kukandamiza wakati unabandika.

Mgonjwa akiwa mwanamke, watu hutazamana kwa haya. Mfunue. Mwenye haya ageuke kando, lakini vibandiko lazima viguse ngozi.

Nikimshtua mtu asiyehitaji?

Mashine husoma umeme wa moyo yenyewe, na isipoona mvurugiko unaotibika kwa shoti, haitoi. Kazi yako ni kuhakikisha hakuna anayemgusa inaposoma na inapopiga. Ikishapiga, rudi kifuani papo hapo, usisubiri kuona kama amezinduka. Ikisema shoti haihitajiki, haijasema amepona. Kama hapumui kawaida, kandamiza, na itasoma tena baada ya dakika 2.

Akianza kupumua kawaida lakini hajazinduka?

Mlaze ubavu, usiondoe macho kifuani pake. Vibandiko vibaki palepale na mashine iendelee kuwaka hadi wahudumu wa dharura wafike, kwani moyo uliosimama mara moja unaweza kusimama tena. Ukisikia amerudia kukoroma kwa kuachia-achia, mgeuze chali uanze upya.