“Asingepandishwa cheo”: dhana potofu kuhusu kupanda na kuanguka kwa Kardinali McCarrick

Wiki iliyopita mzee mmoja ninayemheshimu sana aliketi mbele ya meza yangu akasema: “Padre, mtu hawi kardinali hivihivi, Roma lazima wamchunguze. Kama yale ya McCarrick yangekuwa kweli, asingefika alikofika.” Alimaanisha Theodore McCarrick, kardinali wa Marekani aliyevuliwa ukleri, yaani hadhi ya upadre, mwaka 2019 kwa kuwadhulumu kingono watoto na watu wazima. Nimefanya kazi ya sheria za Kanisa kwa miaka mingi, na hakuna kauli niliyoisikia mara nyingi kama hiyo. Inaniumiza, maana najua wapo waliojikaza wakaenda kusimulia walichotendewa, wakajibiwa maneno hayohayo. Kwa hiyo naijibu kwa kirefu. Nyingine nitazipitia haraka.

Dhana: Askofu huchunguzwa kabla ya kuteuliwa, kwa hiyo aliyeteuliwa ni safi

Uteuzi wa askofu si upelelezi. Balozi wa Papa hutuma dodoso la siri kwa watu aliowachagua: maaskofu, mapadre, na walei (waumini wasio mapadre) wachache. Wanaulizwa juu ya imani ya mhusika, elimu yake, afya, tabia na uwezo wa kuongoza. Majibu yakikusanywa, majina matatu huenda Roma. Hakuna anayepita seminari moja baada ya nyingine akiuliza vijana wa zamani wamekumbana na nini. Dodoso huleta kile tu ambacho walioulizwa wanakijua na wako tayari kukiandika. Aliyeumizwa kwa kawaida hayumo katika orodha ya wanaoulizwa.

Sasa mtazameni Theodore McCarrick. Alipewa upadre New York mwaka 1958. Mwaka 1977 akawa askofu msaidizi hukohuko, 1981 akateuliwa askofu wa kwanza wa Metuchen, 1986 askofu mkuu wa Newark, Novemba 2000 askofu mkuu wa Washington, na Februari 2001 kardinali. Ripoti ya Vatikani juu yake, iliyotolewa tarehe 10 Novemba 2020 ikiwa na kurasa zaidi ya 400, inaeleza jinsi kila ngazi ilivyopandwa. Katika uteuzi wa 1977, 1981 na 1986, walioulizwa walimsifu: mchapakazi, mwenye akili, hodari wa kuchangisha fedha. Dosari iliyotajwa ni kwamba alionekana kupenda makuu. Juu ya mwenendo mbaya, hakuna aliyeandika chochote.

Lakini katikati ya miaka ya 1980 kulikuwa na mama mmoja aliyemwona McCarrick akiwashika watoto wa mama huyo isivyofaa, nyumbani kwao. Mama huyo alieleza kwamba aliwaandikia viongozi wa Kanisa barua bila kuweka jina lake, kwa kuiogopea familia yake. Mwaka 1992 na 1993 zikaja barua nyingine zisizo na jina, zikimtuhumu wazi. Zikawekwa kando, hoja ikiwa kwamba asiyejitaja hawezi kuaminiwa.

Msomaji atasema: basi hawakujua. La, baadaye walijua vya kutosha kusimama. Oktoba 1999 Kardinali John O’Connor wa New York, akiwa mgonjwa, aliandika barua akieleza tuhuma hizo na kushauri McCarrick asipandishwe. Barua ilifika kwa Papa Yohane Paulo II. Papa akaagiza ukweli utafutwe, na balozi wake akawaandikia maaskofu wanne waliowahi kufanya kazi New Jersey, ziliko Metuchen na Newark. Ripoti inasema watatu kati yao walitoa taarifa zisizo sahihi au pungufu. Walikiri kwamba McCarrick alikuwa akilala kitanda kimoja na vijana, lakini hawakusema kwa uhakika kwamba kulikuwa na tendo baya.

Mnaona tatizo lilipo? Maaskofu walimuuliza askofu kuhusu askofu, kwa barua, naye askofu akajibu kwa uangalifu wa mtu anayemlinda mwenzake. Wale vijana wenyewe hawakuitwa. Kisha Agosti 2000 McCarrick akamwandikia katibu wa Papa akikana kwamba amewahi kufanya ngono na mtu yeyote, na neno lake likachukua nafasi ya uchunguzi. Miezi mitatu baadaye akapewa Washington.

Kwa hiyo anayeniambia “asingepandishwa cheo” anatumia kosa lenyewe kuwa ushahidi wa kutokuwapo kwa kosa. Cheo kilimfanya aaminike, na kwa kuaminika akapata cheo kikubwa zaidi. Nikiwa na mkristo mwenye shaka mbele yangu, namwomba aanze na alichosema aliyeumizwa, kisha ndipo aangalie kofia ya mtuhumiwa.

Hapa nina ushauri ambao wenzangu wamechoka kuusikia. Ukitoa taarifa, andika jina lako, tarehe, mahali, na nani mwingine alikuwapo. Omba kwa maandishi jina lako lihifadhiwe. Baki na nakala. Ikiwa aliyeumizwa ni mtoto, anza polisi, ndipo uje kwetu. Simlaumu mama yule hata kidogo, kwani wenye wajibu wa kumtafuta walikuwa wale waliopokea barua. Nasema hivi kwa sababu karatasi yenye jina na tarehe ni ngumu zaidi kuifungia droo.

Dhana: Waliotendewa walikuwa watu wazima, basi ilikuwa dhambi yake binafsi tu

Mseminari, yaani mwanafunzi wa upadre, mbele ya askofu wake si mtu mzima mbele ya mtu mzima mwenzake. Askofu ndiye atakayeamua kama atapewa Daraja, yaani upadre, au atarudishwa nyumbani. Hukumu ya McCarrick iligusa watoto na watu wazima, na matumizi mabaya ya madaraka yalihesabiwa kuwa jambo linalozidisha uzito wa kosa. Alipatikana pia na hatia ya kumshawishi mtu atende dhambi ya zinaa ndani ya Sakramenti ya Kitubio, kosa ambalo kwetu ni miongoni mwa mazito kabisa. Tangu tarehe 8 Desemba 2021, Kanuni ya 1395 ya Sheria za Kanisa inamtaja waziwazi mkleri anayemlazimisha mtu kwa nguvu, vitisho au matumizi mabaya ya mamlaka.

Dhana: Askofu hawezi kuondolewa, hujiuzulu tu

Anaweza. Mwaka 2017 mtu mmoja aliliarifu Jimbo Kuu la New York kwamba McCarrick alimdhulumu akiwa kijana mdogo, miaka ya mwanzo ya 1970. Tarehe 20 Juni 2018 ikatangazwa kwamba tuhuma imeonekana kuwa ya kuaminika, naye akazuiwa kutoa huduma hadharani. Julai akatoka katika Baraza la Makardinali. Tarehe 11 Januari 2019 idara ya Vatikani inayosimamia mafundisho ya imani ikamtia hatiani na kumwondoa katika hali ya ukleri. Akakata rufaa, ikakataliwa tarehe 13 Februari, na Papa Fransisko akathibitisha kwamba uamuzi huo ni wa mwisho.

Ni kweli kwamba njia hiyo ilikuwa finyu. Kanuni ambazo maaskofu wa Marekani walizipitisha Dallas mwaka 2002 ziliwabana mapadre na mashemasi, wao wenyewe wakabaki nje. McCarrick alikuwa mmoja wa waliozungumzia kanuni hizo mbele ya waandishi wa habari. Pengo hilo lilizibwa mwaka 2019, Papa Fransisko alipoweka utaratibu wa kupokea na kuchunguza tuhuma dhidi ya maaskofu pia.

Dhana: Papa Benedikto XVI alikwisha kumwadhibu kwa siri

McCarrick aliombwa kwa mdomo mwaka 2006, na kwa barua mwaka 2008, apunguze safari na asijionyeshe. Hapakuwa na kesi wala adhabu ya kisheria. Ombi la namna hiyo kwa mtu wa namna hiyo halifai kitu, na kweli aliendelea kusafiri.

Dhana: Amevuliwa, basi Daraja limefutika

Daraja halifutiki, Kanuni ya 290 iko wazi. Kinachoondoka ni haki ya kulitumia, pamoja na cheo, wajibu na mavazi. Aliyevuliwa hataadhimisha Misa, ila anaweza kumwondolea dhambi mtu aliye katika hatari ya kufa.

Dhana: Kesi ya Massachusetts ilifutwa, maana yake hakuwa na hatia

Alishtakiwa katika mahakama ya jimbo hilo la Marekani mwaka 2021 kwa kumdhulumu kijana wa miaka 16 mwaka 1974. Agosti 2023 hakimu alifuta kesi kwa sababu moja tu: akili ya mshtakiwa ilikuwa imedhoofika kwa uzee kiasi cha kutoweza kufuatilia mashtaka. Ushahidi haukusikilizwa, haukupimwa. Alifariki tarehe 3 Aprili 2025 huko Missouri akiwa na miaka 94, na hukumu pekee ya makosa hayo aliyopewa akiwa hai ni ile ya Kanisa.