Diazepamu kwa mtoto mwenye degedege la chikungunya

Chikungunya, ugonjwa wa virusi unaoenezwa na mbu, ilitambuliwa kwa mara ya kwanza huku kwetu kusini mwa Tanzania, katika uwanda wa juu wa Wamakonde, wakati wa mlipuko wa 1952 hadi 1953, na watu wengi huijua kwa maumivu makali ya viungo. Mara chache, hata hivyo, virusi hivyo hufika kwenye ubongo, hasa wa mtoto mchanga au mzee, vikaleta degedege au kupoteza fahamu. Nikiwa daktari wa watoto mjini Mtwara, huulizwa na wazazi kwa nini mtoto ambaye tayari hajitambui apewe tena dawa ya usingizi kama diazepamu, na swali hilo ni la haki kabisa.

Diazepamu haiui virusi, wala hatuna dawa iliyothibitishwa ya kuviua. Inachofanya ni kuitia nguvu GABA, kemikali ya ubongo ambayo kwa asili hutuliza chembe za neva, ili degedege likome. Degedege lililopita dakika 5 ni vigumu kukoma lenyewe, na likiendelea huudhuru ubongo. Kwa mtoto tunatoa miligramu 0.2 hadi 0.3 kwa kila kilo ya uzito kwenye mshipa, au 0.5 kwa njia ya haja kubwa mshipa usipopatikana, huku tukipima malaria na sukari ya damu, kwa kuwa degedege la upungufu wa sukari hutaka glukosi.

Ninachokiogopa zaidi ni pumzi, kwa kuwa diazepamu inaweza kuidhoofisha. Dozi ya pili hutolewa degedege likiendelea baada ya dakika 10. Baada ya hapo tunahamia fenobabitoni au fenitoini, dawa nyingine za kuzuia degedege, mfuko na barakoa ya kupumulishia vikiwa karibu. Utafiti wa Kilifi, Kenya, uliochapishwa mwaka 2000, uliwahusu watoto 340 wenye malaria ya ubongo: fenobabitoni ya kinga ilipunguza degedege, lakini vifo vilikuwa 30 kwa waliopewa na 14 kwa wasiopewa, hatari ikiwa kubwa zaidi kwa waliopata pia dozi nyingi za diazepamu. Ugonjwa ule ni mwingine, lakini hatari ya dawa hizi kwa pumzi ni ileile, na ndiyo maana simpi dawa hizi mtoto ambaye degedege limekwisha koma.

Vivyo hivyo kwa mgonjwa anayehangaika kitandani: kwanza natafuta homa, maumivu, kibofu kilichojaa au upungufu wa oksijeni, kwa sababu usingizi wa dawa hutuficha hali ya ubongo unaozidi kuvimba.

Nyumbani, mlazeni mtoto kwa ubavu, msimtie kijiko mdomoni, msimpe vidonge vya usingizi vya mtu mzima, na mwahisheni hospitali mara moja.