Dhana potofu kuhusu klabu za ndege za rimoti, na yale ninayoyaona kiwanjani kila Jumamosi

Nilituma picha moja tu kwenye kundi la WhatsApp la ukoo: mimi na kofia yangu, nimekumbatia ndege yenye mabawa ya mita moja na nusu. Nusu saa haikupita nikawa nimeshahukumiwa. Shangazi wa Tanga aliuliza ni mjukuu gani nimemnyang'anya. Binamu alitaka kujua hiyo droni inapiga picha za namna gani. Mjomba, ambaye huwa hapotezi maneno, aliandika: "Dola ngapi?"

Naishi kusini mwa Indianapolis, jimbo la Indiana, na klabu yetu hukodi ukanda wa nyasi kwa mkulima, mahindi huku, soya kule. Majibu niliyotaka kuwapa yalikuwa marefu mno kwa kuchapa kwenye simu, basi nayaweka hapa, pamoja na mengine ninayoulizwa na majirani wanaosimamisha magari yao barabarani kutuangalia.

"Hiyo si midoli ya watoto?"

Laiti ingekuwa. Klabu yetu inalia kukosa watoto. Jumamosi asubuhi ukihesabu vichwa, mvi ndizo zinazoongoza: wastaafu wa viwandani, dereva wa malori, daktari wa meno, na mimi. Mtoto akitokea anapokelewa kama bibi harusi, kila mtu anataka kumshikisha rimoti yake.

Na kwa taarifa ya shangazi, jambo hili watu wazima walilivalia njuga zamani. Mwaka 1937 ndugu wawili waliokuwa wakiishi Kalamazoo, Michigan, Walter na William Good, walirusha ndege waliyoiita Guff, ikiongozwa kwa redio ya valvu. Leo ni mali ya makumbusho ya Smithsonian. Enzi hizohizo mwigizaji Reginald Denny alikuwa na duka la ndege za mfano kule Hollywood. Kutoka kwenye shughuli zile ikazaliwa kampuni ya Radioplane, iliyotengeneza maelfu ya ndege za rimoti ambazo jeshi la Marekani lilizitumia kama shabaha za kuwafundishia wapiga mizinga. (Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia mpiga picha wa jeshi aliingia kiwandani humo akamkuta binti ameshika propela, jina lake Norma Jeane. Dunia ilikuja kumjua kama Marilyn Monroe. Hili ndilo jambo pekee ambalo shangazi alilijibu.)

Lakini anayenipa kiburi mimi ni Maynard Hill, mhandisi mstaafu. Agosti 2003, akiwa na miaka 77, macho na masikio yamemchoka, yeye na wenzake walirusha ndege ya mbao ya balsa kutoka Cape Spear, Newfoundland, nchini Kanada. Ikiwa imejazwa mafuta haikuzidi kilo 5. Ilivuka Bahari ya Atlantiki ikijiongoza kwa satelaiti, saa 38 na dakika 52, mpaka pwani ya magharibi ya Ireland, ambako mwenzao alikuwa akiisubiri na rimoti mkononi ili aishushe. Majaribio ya kabla ya hapo yaliishia baharini. Mdoli gani huo?

"Si ni droni tu?"

Hapa binamu ana nusu ya haki. Kwa sheria ya Marekani, ndege yangu na droni yake ni wa ukoo mmoja: vyombo vya angani visivyobeba rubani. Chombo kikizidi gramu 250, mwenyewe hujiandikisha kwa mamlaka ya usafiri wa anga, FAA, na kubandika namba juu yake. Kuna mtihani wa mtandaoni wa bure, TRUST, ambao hakuna anayefeli, maana ukikosea unarudishwa kwenye swali mpaka upatie. Kwa kawaida kimo kisizidi futi 400, yaani kama mita 120. Na tangu Machi 2024 FAA inasimamia sharti jingine: chombo kikiwa hewani kijitangaze kwa redio, kitaje namba yake na mahali kilipo. Klabu nyingi, yetu ikiwemo, ziliomba viwanja vyao vitambuliwe rasmi, ili ndege zisizo na kifaa hicho ziruke ndani ya mipaka. Wazee walilalamika msimu mzima. Katibu akajaza fomu.

Nusu nyingine iko mikononi. Droni nyingi za leo ukiachia vijiti zinasimama hewani zikikusubiri uamue. Ndege ya mabawa haimsubiri mtu. Ukisita, inaendelea kwenda, na shamba la jirani halina mwisho.

"Mwanangu bingwa wa gemu, hili atalimaliza kwa siku moja"

Nami nilidhani hivyo. Siku ya kwanza mwalimu wangu, mzee wa miaka sabini na ushee, aliunganisha rimoti mbili, yake na yangu. Alipobonyeza swichi, ndege ilikuwa yangu, alipoiachia, yake. Ikaenda mbali, nikaipinda kushoto, ikapinda kushoto. Safi. Ilipogeuka ikaanza kunijia usoni, nikavuta kijiti kushoto tena, ikainamia kulia kwangu na kuanza kuchungulia ardhi. Swichi ikaachiwa, mzee akainyanyua kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kitu chenyewe ni hiki: ndege ikikujia, kushoto kwake ni kulia kwako, na huna muda wa kukokotoa. Mzee alinipa kanuni ninayowapa wageni mpaka leo: ndege ikija kwako, tazama bawa lililoshuka, kisha sukuma kijiti upande huohuo, kana kwamba unaweka nguzo chini ya bawa lisianguke. Hufikirii kushoto wala kulia, unaweka nguzo tu. Ilinichukua kama Jumamosi nane kabla mzee hajasahau kuiachia swichi, nami ndipo nilipojua nimefuzu. Gemu husaidia, sikatai. Wengi wetu hufanya mazoezi kwa programu ya kompyuta wakati wa baridi. Ila gemu halina upepo wa ubavuni wala jua la saa kumi linalokupofusha.

"Injini ikizima, inaanguka kama jiwe"

Hapana. Yenye mabawa haianguki, inateleza. Injini ikizima rubani hupaza sauti kutangaza, na palepale kiwanja kinakuwa chake: wengine wanapanda juu au wanazunguka pembeni mpaka atue, maana hana nafasi ya pili. Yeye anashusha pua kidogo ili mwendo usipotee. Kosa la wageni ni kuvuta pua juu ili "iendelee kuruka". Ndege ikipungua mwendo mno, mabawa yanaacha kubeba, bawa moja linaangukia upande, na hapo ndipo jiwe linapopatikana. Kuna watu hawana injini kabisa: ndege za kuteleza, zinazorushwa kwa mkono na kutafuta hewa ya joto inayopanda, kama mwewe afanyavyo juu ya shamba lililotoka kuchomwa. Shirikisho la kimataifa la michezo ya anga, FAI, lina mashindano yake ya dunia ya aina hiyo.

"Mawimbi yatagongana"

Ilikuwa kweli, nayo ilikuwa mbaya. Zamani ndege hapa zilitumia masafa ya megahezi 72, chaneli 50. Kila klabu ilikuwa na ubao wenye vibanio vya nguo vilivyoandikwa namba. Huna kibanio cha chaneli yako, huwashi rimoti. Mtu mmoja akisahau akaiwasha kwenye meza, ndege ya mwenzake angani ilipandwa na wazimu. Katikati ya miaka ya 2000 zikaingia redio za gigahezi 2.4, ambapo kipokezi ndani ya ndege kinaitambua rimoti yake tu na kupuuza nyingine. Ubao wetu bado uko kibandani. Tunatundika kofia.

"Ya umeme ni salama kuliko ya injini"

Mkono wangu wa kulia una kovu linalosema vingine. Injini ya mafuta inakuonya kwa kelele. Mota ya umeme ukishachomeka betri iko tayari, kimya, na kiwiko kikigusa kijiti cha mwendo propela inazunguka bila hodi. Kwa hiyo kwetu betri huchomekwa mwisho kabisa, ndege ikiwa imezuiwa, na hakuna anayesimama mbele. Betri zenyewe, za lithiamu, zina adabu zake: kila seli isizidi volti 4.2, ihifadhiwe kwenye volti 3.8 hivi, na usiichaji ukaenda kulala. Iliyovimba haina dawa.

"Klabu ni watu kukutana na kurusha"

Kurusha ni sehemu ndogo. Kubwa ni nyasi. Nyasi za Indiana kuanzia mwisho wa Aprili hazina huruma, na zamu ya kuzikata imeandikwa kwenye karatasi mlangoni mwa kibanda. Asiyekata hafukuzwi, ila kahawa yake inakuwa chungu. Kila mwezi kuna kikao, na nusu ya kikao ni mkulima: ada ya kukodi, lori lake lipite wapi, nani aliyekanyaga soya.

Halafu kuna kalenda. Tarehe 1 Januari, kama klabu nyingi za huku, tunarusha hata theluji ikiwa magotini. Vidole vinaganda na betri zinachoka mapema kwa baridi, lakini mchuzi wa maharage uko motoni. Kati ya Januari na Machi tunahamia ndani ya ukumbi wa michezo wa shule, na ndege za gramu chache zinazoruka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Kipindi hichohicho kuna gulio la vifaa, ambako unauza ndege iliyokuchosha na kurudi nyumbani na mbili za mwenzako. Juni tunakwenda ziwani, magurudumu yanatolewa yanafungwa maboya, na mtu mmoja anakaa na mtumbwi kuokoa waliozama. Kuna siku ya ndege za vita vya zamani. Kuna siku ya michezo ya kipuuzi: kupita chini ya utepe, kutua ndani ya duara, kukatana mikia ya karatasi angani.

Siku ninayoipenda ni ya wageni. Ndege kubwa inapakiwa pipi tumboni, watoto wanasubiri nyuma ya kamba, mlango unafunguliwa juu ya uwanja mtupu, pipi zinamwagika, na ndege ikishatua ndipo kamba inashushwa. Utaratibu huo hauvunjwi: hakuna ndege inayopita juu ya vichwa vya watu, hata kwa mzaha.

Wenye nafasi husafiri. Muncie, mwendo wa saa moja na nusu kutoka kwangu, ndiko makao makuu ya Academy of Model Aeronautics, AMA, iliyoanzishwa mwaka 1936. Ina zaidi ya ekari 1,000 za kurushia na makumbusho yake, na kila kiangazi hufanyika hapo mashindano ya taifa. Mwezi Mei wengine huendesha hadi Woodruff, South Carolina, kwenye tamasha la ndege hizi liitwalo wiki ya Joe Nall, wakapiga mahema na kurusha mpaka usiku kwa taa. Sijafika. Mke wangu anasema nisifike.

"Dola ngapi?"

Mjomba, swali lako halina jibu moja. Ndege ya kujifunzia, ya povu gumu kama lile la kufungia televisheni kwenye boksi, pamoja na rimoti, betri na chaja, ni kama dola 300 hadi 400. Uanachama wa AMA haufiki dola 100 kwa mwaka, na ndani yake mna bima ya hadi dola milioni 2.5 ukimdhuru mtu au kuvunja mali yake. Ada ya klabu ni juu ya hapo. Ukitaka ndege ya jeti yenye injini halisi ya tabini, hayo ni maelfu, na mwenye nayo huwa hamwambii mkewe ukweli wote. Wavuvi wenzangu wa kazini wanatumia pesa nyingi kuliko mimi kwa mashua zinazolala kwenye gereji.

Na binamu, kabla hujaniambia nije na moja Desemba: Kenya ina kanuni zake za mwaka 2020 za vyombo hivi, na Tanzania nayo hutaka kibali. Kibali kwanza, sanduku baadaye.

"Ikianguka, hasara na aibu"

Kila mtu ameangusha. Agosti iliyopita yangu iliingia kwenye mahindi yaliyonipita kimo. Ukiingia mle bila mpango unatoka upande mwingine wa wilaya. Utaratibu ni huu: aliyekuwa akirusha habanduki pale aliposimama, ananyoosha kidole kuelekea ilikopotelea, na mwingine anaingia kwa mstari ule akiwa kwenye simu. Watatu waliacha ndege zao wakaingia. Mimi nilibaki nimenyoosha kidole kama mnara, dakika arobaini, nikichezesha kijiti cha mkia ili servo, vile vimota vinavyosogeza mkia, zilie wazisikie. Yule daktari wa meno ndiye aliyeipata, imesimama pua chini kati ya mistari miwili, nzima, ila propela.

Dola 4, mjomba.