Je, wajua? Kwa nini vyombo vya sharubati ya mepo havioshwi kwa sabuni

Mwezi wa Machi, usiku ukiwa wa barafu na mchana jua likipasha kidogo, miti ya mepo (maple) ya Quebec nchini Kanada na Vermont nchini Marekani hutoa utomvu mwepesi kama maji, wenye sukari asilimia 2 hivi. Shina hutobolewa, hupachikwa mrija mfupi, na utomvu hudondokea ndooni. Kisha huchemshwa mpaka lita 40 hivi zibaki lita 1 ya sharubati, yaani shira nzito na tamu. Machipukizi yakianza kufumka, utomvu huharibika ladha na msimu huishia hapo. Inabaki kazi ya kuosha, na wengi wanaogema nyumbani hawagusi sabuni.

Sababu iko kwenye hizo lita 40. Kinachopungua ni maji tu. Harufu ngeni inaweza kubaki na kukolea. Kitu cha hatari zaidi ni chujio la sharubati, kitambaa kinene kinachofyonza sabuni kwenye nyuzi zake. Ukifikiri umelisuuza likatakata, mwakani sharubati ya moto itaitoa sabuni yote. Kwa hiyo huoshwa kwa maji moto matupu, hukamuliwa kwa kubonyezwa bila kusokotwa, na huanikwa mpaka likauke kabisa. Likiota ukungu, litupe. Harufu ile haitoki.

Sufuria la kuchemshia lina adha yake. Utomvu una madini, hasa kalsiamu, ambayo ukichemka hugandamana na asidi ya mti na kuwa utando mgumu wa rangi ya kahawia. Ukiukwangua kwa steelwool utalichubua bati. Dawa yake ni siki nyeupe iliyochanganywa na maji: ijaze sufuria, ipashe moto, iache ilale. Asubuhi utando unabanduka vipande vipande. Wapo wanaoacha utomvu wa mwisho wa msimu uchachuke humo kwa wiki kadhaa, asidi yake ifanye kazi hiyohiyo. Harufu yake ni mbaya sana, lakini sufuria linatakata. Baadaye lisuuzwe kwa maji mengi.

Mirija ndiyo inayoamua mavuno ya mwakani. Mgema wa mnazi anajua masalia ya kibuyuni yanavyoharakisha tembo kuchachuka. Kwenye mepo, vijidudu vya mrija mchafu huingia kwenye kidonda cha mti, nao mti hukiziba mapema. Ndiyo maana wakulima wengi hununua mirija mipya ya kupachika kila mwaka, na naona hiyo ni pesa iliyotumika vizuri. Mabomba marefu ya plastiki, ambayo wengine huyatumia badala ya ndoo, yakisafishwa kwa dawa ya klorini bila kusuuzwa sawasawa hubaki na chumvi, na kuchakulo huyatafuna kwa kuifuata.

Ndoo hufunikwa kichwa chini mahali pakavu. Zile kuukuu za mabati zenye maungio ya risasi (metali yenye sumu) zisirudishwe stoo: risasi huingia kwenye utomvu, na hakuna kuosha kutakakoiondoa.